Kukodi Chombo Dalmatia, Ionia au Göcek: Kwanza Jueni Nani Anashika Usukani

Kila ikifika Januari jamaa walioko Ujerumani, Uingereza na Maskati huniuliza swali lilelile: tukikodi boti kiangazi hiki, twende Croatia au Ugiriki? Swali huja na picha ya katamarani nyeupe, boti ya mikuku miwili, juu ya maji ya buluu, na chini yake bei. Nami huwajibu kwa swali: nahodha ni nani? Hapo kundi zima hukaa kimya, au watu watatu hujibu kwa mpigo. Kimya ni afadhali. Wenye pwani yetu walishasema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na walioukopa msemo huo kwa mambo ya ofisi na siasa wamesahau kuwa ulianza kwa chombo kweli.

Nitalinganisha pwani tatu nilizolala ndani ya chombo: Dalmatia ya Croatia ukianzia Split, visiwa vya Ionia magharibi mwa Ugiriki ukianzia Lefkada, na Göcek, kusini-magharibi mwa Uturuki. Mallorca na Sardinia zina wapenzi wake, na wapenzi hao wana pesa.

Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki atashangaa kwanza kuona maji hayapwi. Zanzibar siku za bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 4. Mediterania, sehemu nyingi, tofauti haifiki nusu mita. Unafunga chombo gatini jioni, asubuhi unakikuta kimo kilekile. Upepo ndio usiozoeleka. Hakuna kusi wala kaskazi ya kukaa nayo miezi. Unageuka kwa siku, pengine kwa saa, na kila pwani ina pepo zake zenye majina. Pepo hizo ndizo zinazozitofautisha pwani hizi kuliko rangi ya maji.

Karatasi kabla ya bahari

Ukitaka kuendesha mwenyewe, nchi zote tatu zinataka cheti cha unahodha. Kinachopita kwa urahisi ni ICC, cheti cha kimataifa kinachotolewa chini ya azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Walioko Uingereza hukifikia kupitia mafunzo ya RYA, chama cha huko cha waendesha boti; walioko Ujerumani wengi wana SBF See, leseni ya Kijerumani ya boti za baharini. Croatia huongeza sharti moja linalowaumbua wengi: lazima ndani ya chombo awepo mtu mwenye cheti cha redio ya VHF. Ugiriki hutaka mtu wa pili mwenye uzoefu, atie sahihi kuwa anaweza kumsaidia nahodha. Mvuvi wa Kizimkazi anayerudi usiku kwa kuangalia nyota angewafundisha wengi wenye vyeti hivyo, ila bila karatasi hapewi hata ufunguo. Tuma nakala ya cheti kabla ya kulipa, usubiri wakuandikie kuwa kimekubaliwa.

Kama hamna mwenye cheti, mtakodi nahodha. Hugharimu kama euro 200 kwa siku, pengine zaidi wakati wa msimu, na chakula chake ni juu yenu. Hesabu za wengi huharibikia hapa: boti ina vyumba vinne, nyinyi mko wanane, nahodha alale wapi? Baadhi ya vyombo vina kitanda cha baharia huko omo, chini ya kifuniko cha sitaha, mahali ambapo mtu mzima huingia kwa kujikunja. Vingine havina, na nahodha atalala sebuleni, mezani pale mnapokula. Uliza hilo siku ya kwanza.

Dalmatia: njia imetandikwa, kila usiku una bei

Croatia ina visiwa zaidi ya 1,000 ukihesabu na vile vidogo, na vile vya Dalmatia vimepangana kana kwamba mtu aliviweka kwa ajili ya anayejifunza. Ukitoka Split, saa mbili hivi kwa mwendo wa fundo tano au sita uko Milna, kisiwani Brač. Siku ya pili Hvar, ya tatu Vis. Kila mahali unaiona nchi kavu, na kila ukichoka kuna hori la kujificha.

Kufunga chombo huko ni rahisi kuliko Ugiriki. Marina nyingi zina kamba zilizofungwa tayari chini ya bahari: unarudi kinyumenyume hadi gatini, kijana anakunyooshea kamba, unaivuta kwa mti wenye kulabu na kuifunga omo, kwisha. Nanga yako haigusi maji. Kwa mtu aliyepata cheti mwaka jana, urahisi huu una thamani kubwa, nao unauzwa hivyohivyo. Palmižana, ng'ambo ya mji wa Hvar, boti ya mita 12 mwezi Julai hulipa zaidi ya euro 100 kwa usiku mmoja. Hata kwenye mahori, sehemu nyingi zina maboya, na jioni bwana mmoja huja na kimashua chake kukusanya ada. Ukiingia mbuga ya taifa ya Kornati kuna tiketi, nayo ni ghali zaidi kama hukuinunua mapema.

Njia ya kukwepa ni konoba, migahawa ya kienyeji yenye gati au maboya yake: ukila kwao, mara nyingi kulala ni bure. Piga simu mchana uagize peka, mwanakondoo au pweza aliyefunikwa kwa kifuniko cha chuma na kupaliliwa makaa juu. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo anayefika saa mbili usiku bila kuagiza ataambulia tambi. Wasiokula nguruwe wawe macho na pršut, paja la nguruwe lililokaushwa, maana huwekwa juu ya kila sahani ya kufungulia mlo; samaki hata hivyo hawakosekani.

Kisiwa nilichokipenda ni Vis. Kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na wageni hawakuruhusiwa hadi 1989, ndiyo maana hoteli kubwa hazikukiwahi. Kutoka Komiža, upande wake wa magharibi, watu huenda kuona pango la buluu la Biševo. Usidhani utaingia na chombo chako. Unalipa, unapakiwa kwenye kiboti kidogo, na unainamisha kichwa mlangoni.

Sasa pepo. Maestral huvuma mchana kutoka kaskazini-magharibi hali ya hewa ikiwa nzuri, na ndio upepo wa kuburudika. Jugo hutoka kusini-mashariki, huja polepole na mawingu na mawimbi marefu, kwa hiyo hukupa nafasi ya kujipanga. Bura haikupi. Huporomoka kutoka milimani, kaskazini-mashariki, pengine mbingu ikiwa safi kabisa, na huja kwa vishindo. Kali zaidi ni za kipupwe, lakini hata za kiangazi zinatosha kung'oa nanga iliyotiwa kwa uvivu. Kuna pia nevera, dhoruba fupi ya kiangazi yenye radi. Tulipigwa na moja usiku ndani ya hori huko Šolta. Haikufika hata saa moja, lakini tulikaa sitaha na makoti ya mvua hadi alfajiri, tukihesabu vyombo vilivyotuzunguka kila umeme ulipopiga.

Ionia: gati ni la kijiji, nanga ni yako

Bei ya kukodi chombo chenyewe haitofautiani sana na ya Croatia. Boti ya matanga ya mita 12 mwezi Julai, pande zote mbili, mara nyingi huwa kati ya euro 2,500 na 5,000 kwa wiki, kwa kutegemea umri wake. Tofauti huanza jua likizama. Visiwani Ionia mnalala kwenye gati la kijiji kwa euro chache, wakati mwingine bila mtu yeyote kuja kudai, na taverna nyingi, migahawa ya huko, zina gati lao. Kwa wiki nzima, anayelala marina za Dalmatia anaweza kuacha euro mia kadhaa ambazo wa Lefkada anazila samaki.

Malipo ya Ugiriki ni ya namna nyingine. Hapo gatini hakuna kamba iliyotegwa. Unaanza kwa kutia nanga mbali, kama urefu wa vyombo vitatu au vinne kutoka ukutani, halafu unarudi nyuma huku mnyororo ukiteremka, upepo wa ubavu ukikusukuma kwa jirani, na jirani amesimama na boya la mpira mkononi akikutazama. Ukikosea, unarudia mbele ya taverna iliyojaa watu. Fiskardo, kaskazini mwa Kefalonia, ndiko kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho haya. Kijiji hicho kilisalimika tetemeko la 1953 lililobomoa karibu kisiwa kizima, nyumba zake za wakati wa Waveneti bado zimesimama, na kila mtu anataka kulala hapo. Bandari ikijaa minyororo hupandana. Asubuhi ukivuta yako inapanda na ya mwenzio, na mnasabahiana kwa lugha nne. Fika kabla ya saa nane mchana, ama nenda Kioni au Vathy huko Ithaca.

Kwa upande wa upepo Ionia ni mpole kati ya hizi mbili. Asubuhi bahari shwari, unasafiri kwa injini au unaogelea. Mchana upepo wa kaskazini-magharibi huamka, hujaza matanga, na jioni hulala. Ratiba hii hujirudia siku nyingi za Julai na Agosti, na ndiyo inayoifanya Lefkada iwe shule nzuri. Kufika pia ni rahisi: uwanja wa ndege wa Aktio, karibu na Preveza, uko bara, na Lefkada imeunganishwa na bara kwa daraja linaloelea. Meganisi ni jirani, Kalamos na Kastos hazina fujo, na umbali kati ya visiwa ni wa kuendea asubuhi na kula mchana.

Nisisitize: nasema Ionia, si Ugiriki yote. Wengi husikia "Ugiriki" wakafikiria Mykonos na Santorini. Hizo ni Cyclades, bahari ya Aegean, na huko Julai na Agosti kuna meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kuvuma siku tatu mfululizo kwa nguvu ya 6 au 7 katika kipimo cha Beaufort. Santorini yenyewe ni mdomo wa volkano uliojaa bahari. Ndani yake maji ni ya kina mno, kutia nanga ni taabu. Watu huteremka kusini kwa raha, upepo ukiwa wa tezi, na siku ya kurudi wanagundua kuwa lazima wabishe, yaani waende kwa kupindapinda, njia nzima dhidi yake. Ukishikilia kwenda huko, anza kwa kubisha wiki ikiwa changa, urudi na upepo mgongoni. Chombo kinatakiwa kuwa kituoni Ijumaa jioni, na kampuni haitasikiliza hadithi za meltemi.

Göcek: mwachie anayejua

Uturuki pia hukodisha boti za kuendesha mwenyewe, na ghuba ya Göcek na Fethiye ina kinga nzuri. Lakini kinachoitofautisha ni guleti: chombo cha mbao, kipana, cha mita 15 hadi 30 na zaidi, chenye nahodha, mpishi na baharia. Huundwa Bodrum na Bozburun, na asili yake ni vyombo vya wavuvi na wapiga mbizi wa sifongo. Mtindo wa kustarehe ndani yake, Waturuki wakiuita Mavi Yolculuk, safari ya buluu, ulipata jina kupitia mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı, aliyepelekwa Bodrum kama adhabu mwaka 1925. Adhabu ilipokwisha alirudi kukaa Bodrum kwa hiari.

Ninachokipenda ni kwamba ubishi wa nani nahodha hauna nafasi. Mnaamka, chai iko tayari, chombo kimefungwa kwa nanga mbele na kamba nyuma hadi ufukweni, misonobari inakaribia kugusa sitaha. Mnaogelea, mnakula, saa mbili za mwendo, hori jingine. Chakula ni mboga za mafuta ya zeituni, samaki, kondoo, na nyumba ya Kiislamu haina haja ya kuuliza kila sahani. Hata lugha inatabasamu: bili kwao ni hesap, na kila nikiiomba naona ni hesabu yetu iliyokatwa mkia.

Sifa za uongo nitazivunja. Guleti nyingi zina milingoti mizuri na matanga yaliyokunjwa vizuri, na hubaki yamekunjwa wiki nzima. Mwendo ni wa injini. Anayetaka kushika demani, kamba ya tanga, mwenyewe na kuhisi chombo kikilala upande mmoja atachoka siku ya pili. Pia soma mkataba kwa makini: kuna kukodi guleti nzima na kuna kukodi chumba tu, ukae na wageni usiowachagua. Vinywaji mara nyingi huhesabiwa kando. Watoto wadogo ni salama zaidi humo kuliko kwenye boti ya matanga, kwa sababu sitaha ni pana na hailali, na kuna watu wazima wawili au watatu ambao kazi yao ni bahari, si likizo.

Wasiotaka kulala baharini

Hapa Ugiriki inashinda bila mjadala. Boti ya injini isiyozidi nguvu za farasi 30 hukodishwa kwa siku bila cheti. Wanakuonyesha kuwasha, kuzima, kutia nanga, na mpaka wa kutovuka, halafu unakwenda. Kisiwani Paxos, bandari ya Gaios imejaa viboti hivi, na ufuo wa Voutoumi kule Antipaxos unafikika asubuhi moja. Mafuta ni juu yako. Italia hufika nguvu 40, ilimradi usipite maili 6 kutoka pwani. Uhispania hukubali chombo kisichozidi mita 5 na nguvu 15, mchana tu, ndani ya maili 2 kutoka bandarini. Ufaransa ni nguvu 6, ambazo upepo ukigeuka hazikurudishi haraka. Croatia ukitaka boti ya injini ya kawaida wanakuuliza cheti.

Katamarani au boti ya mkuku mmoja

Katamarani hailali upande, ina nafasi, na bibi anaweza kuweka kikombe mezani. Hugharimu karibu mara mbili, na marina nyingi hutoza nyongeza kwa upana wake. Kwa anayechafukwa na moyo haimponyi moja kwa moja: mtikisiko wake ni mfupi na wa kushtua, na wengine huuchukia zaidi. Watu sita vijana, chukueni mkuku mmoja. Familia ya vizazi vitatu inayotaka kuendesha yenyewe, lipeni katamarani.

Amana, na choo

Amana ya boti ya mita 12 huwa euro 2,000 hadi 4,000, inashikwa kwenye kadi. Mwaka wangu wa kwanza nilikatwa 300 kwa mkwaruzo wa ubavuni ambao naapa niliukuta, kwa sababu siku ya kupokea nilipiga picha za machweo badala ya chombo. Sasa nazunguka na simu dakika ishirini, navaa miwani ya kuogelea na kuangalia mkuku, usukani na rafadha, na chochote ninachokiona kinaandikwa kwenye fomu kabla sijatia sahihi. Kinachoharibika au kupotea zaidi ni kimashua cha kushukia na injini yake ndogo. Kifungeni kwa mafundo mawili usiku. Na choo: mabomba yake ni membamba, karatasi haiingii humo. Kukizibua ni kazi ya fundi na gharama ni juu ya aliyekodi.

Msimu hupunguza bei kuliko mahali. Wiki ya mwisho ya Septemba bahari bado ina joto, gati zina nafasi, na boti ileile hushuka sana kutoka bei ya Agosti. Mei ni nafuu pia, ila maji ni ya kuruka na kupiga kelele.

Pasi

Croatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023 na kuanza kutumia euro siku hiyohiyo, kwa hiyo viza moja ya Schengen inafaa huko na Ugiriki. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anaihitaji, hata kama anaishi London. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani haihitaji. Mtego uko mipakani. Ukitoka Dubrovnik kwenda Montenegro umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haikurudishi. Vivyo hivyo Kos na Bodrum: zinaonana kwa macho, lakini katikati kuna mpaka wa kweli. Uturuki ina viza yake, na kwa wanaotoka Maskati au Dubai mara nyingi ndiyo njia fupi.

Mwaka huu tuko tisa. Binamu ana ICC na anataka Vis; kaka yangu anataka Ionia kwa sababu ya bei; watoto wawili wanataka popote penye kuruka majini. Tungekuwa sita watu wazima ningemfuata kaka, Lefkada, wiki ya pili ya Septemba, mkuku mmoja. Lakini mama mkwe anakuja, na goti lake halipandi ngazi ya boti, kwa hiyo nimeweka jina kwenye guleti ya Göcek, na binamu ameahidiwa kuwa nahodha atamwachia usukani asubuhi moja kukiwa shwari. Mama mkwe mwenyewe hakuuliza upepo wala bei. Aliuliza kama mpishi wa chomboni humruhusu mtu mwingine kuingia jikoni kwake akune nazi. Nimeandika barua pepe kuuliza. Bado sijajibiwa.